Kisanduku cha Faksi

Kabla Mkurugenzi hajaenda semina, skrini yangu ilikuwa na vitu arobaini na kimoja. Nilivihesabu siku moja foleni ilipokuwa fupi: vitufe, visanduku, orodha za kuteremka, na kitufe kimoja cha kijivu kilichoandikwa "Jaribio 2", ambacho katika miaka yangu kumi na minne ya kutoa dawa dirishani sikuwahi kumwona mtu mwenye ujasiri wa kukibonyeza. Programu yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya hospitali. Ilitengenezwa kwa ajili ya kampuni ya vifaa vya ujenzi, kampuni ikafungwa, kisha mtu mmoja mwenye huruma akabadilisha neno "Mteja" kuwa "Mgonjwa" na kutuletea sisi. Ndiyo maana kila mgonjwa wetu, hata kichanga wa siku tatu, alikuwa na nafasi ya kujaziwa jina la kampuni yake, cheo chake na namba yake ya faksi.

Kilichokosekana ni mahali pa kuandika dawa inayomdhuru mgonjwa. Tuliomba tuwekewe. Tulijaza fomu, tukaipeleka ghorofani, na baada ya miezi minane tukajibiwa kwamba ombi letu limepokelewa. Nadhani mpaka leo bado linapokelewa.

Basi tukawa tunaandika kwenye Faksi.

Mwanzilishi ni mimi, na sababu ni mama mkwe wangu. Miaka kumi na mmoja iliyopita, nikiwa na miezi minne tu ya ndoa, alikuja dirishani na kikohozi na karatasi ya daktari, nami nikamhudumia kwa madaha yote ya mkamwana anayetaka kusifiwa. Nikampa vidonge, nikampa na maji, akameza pale pale mbele yangu ili nione kwamba yeye ni mgonjwa mtiifu. Dakika kumi baadaye alikuwa kwenye benchi la korido, midomo imevimba, anatafuta pumzi. Dawa ilikuwa ya jamii ya penisilini. Alichomwa sindano, akapona, na tangu hapo akipata mgeni nyumbani hunitambulisha hivi: "Huyu ndiye mke wa mwanangu, aliyejaribu kuniua nikakataa." Watu huvunjika mbavu. Na mimi hucheka nao, kwani ningefanya nini.

Alipotoka wodini nilikaa mbele ya skrini nikitafuta pa kumwandika. Faksi ilikuwa juu kabisa, ubavuni mwa jina, na sijui yule muuza saruji aliipendea nini, lakini kisanduku chake kilikuwa cha njano. Ukifungua faili la mtu, jicho linaanzia hapo. Nikaandika kwa herufi kubwa: PENISILINI HAPANA. Mama alipokuja tena nikamgeuzia skrini aone kwa macho yake. Nikamwambia asihangaike tena kukumbuka majina ya dawa, kwamba ameandikwa humo, na yeyote atakayekaa kwenye kiti changu ataona. Akaridhika. Mama mkwe wangu haridhiki ovyo, kwa hiyo siku ile naikumbuka vizuri.

Wenzangu wakaiga. Miaka ikapita, na Faksi ikajaa watu zaidi ya mia sita, wa aspirini, wa salfa, wa penisilini. Kila aliyehamia kwetu, somo la kwanza lilikuwa moja: angalia Faksi kabla hujagusa kabati. Wa mwisho kuhamia alikuwa bwana mmoja tuliyempa jina la Digrii, kwa sababu hakumaliza hata wiki bila kutukumbusha kwamba anayo. Siku ya kwanza alicheka sana kusikia habari za Faksi. Siku ya tatu Faksi ikamzuia kumpa fundi cherehani mmoja aspirini ambayo ingemlaza, na kicheko kikaisha.

Ilikuwa siri yetu, lakini siri ya lazima. Mwaka uliotangulia ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa imebandika tangazo kwamba kila taarifa iingizwe mahali pake, na atakayeiingiza mahali pasipo pake atachukuliwa hatua. Tulitia saini wote. Mimi nilitia saini kwa mkono ule ule uliotoka kuandika SALFA HAPANA kwenye faksi ya mlinzi wa geti.

Mkurugenzi alirudi kutoka semina na vitu viwili: mkoba wa kitambaa wenye nembo, na neno "wepesi". Skrini nzuri, alitueleza, ni ile ambayo mtu akiitazama akili yake inapumzika. Mimi sikujua kama wagonjwa hupanga foleni ili mimi nipumzike, lakini sikwenda semina. Baada ya wiki tatu, akasema, wageni kutoka makao makuu watakuja kutazama kazi yetu, na yeye hawezi kuwaonyesha skrini inayofanana na duka la spea. Kisha akanitazama na kusema kwamba mtu wa kuwaonyesha wageni hiyo skrini mpya atakuwa mimi. Hapo nikaelewa kwamba barua yangu ya kuwa mkuu wa kitengo cha dawa, iliyokuwa mezani kwake ikingoja saini tangu mwanzo wa mwaka, ilikuwa karibu kuiona kalamu.

Tukaitwa kwenye chumba cha mikutano. Fundi wa programu, mtu mpole anayezungumza na kompyuta kwa heshima kuliko anavyozungumza na sisi, alifungua faili tupu la mgonjwa asiyekuwepo na kulirusha ukutani kwa projekta. Mkurugenzi alisimama kando na rula. Anagusa kitu, anauliza, "Nani anatumia hiki?" Mkono usipoinuka, Fundi anatoa tiki moja kwenye orodha yake, na kitu kinatoweka ukutani, na vingine vinasogea kujaza pengo kama watu kwenye benchi.

Jaribio 2 kilitangulia. Hakuna aliyelia. Jina la kampuni likaenda, cheo kikaenda, anwani ya ghala ikaenda, na lazima nikiri kwamba nilianza kufurahia. Kuna raha fulani kuona kitu kilichokukera miaka kumi kikitoweka kwa kidole kimoja. Nilikuwa bado nafurahia rula ilipotua kwenye kisanduku cha njano.

Mkurugenzi alianza kucheka kabla hajasema. "Jamani," akasema, "kuna mtu humu ndani ana faksi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Wahasibu walicheka, watu wa maabara walicheka, hata katibu muhtasi, ambaye nadhani ndiye pekee aliyewahi kuiona faksi, alicheka. Digrii na wenzangu wa dirishani hawakucheka. Walikuwa wananitazama mimi, mkubwa wao, aliyeanzisha jambo hili, wakingoja niseme sentensi moja tu. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilikuwa pia na lile tangazo lenye saini yangu, na barua yangu iliyo karibu kuiona kalamu, na sura ya Mkurugenzi akisikia mbele ya watu wote kwamba kwa miaka kumi na mmoja tumekuwa tukiandika maisha ya watu kwenye namba ya faksi.

Nikacheka. Sikutabasamu; nilicheka kile kicheko cha kumchekea mkubwa, chenye meno mengi kuliko furaha. Wenzangu waliponiona wakainamisha vichwa. Fundi akatoa tiki, na njano ikatoweka.

Baada ya kikao nilimfuata Fundi koridoni, najitia hamnazo, nikamuuliza kile kisanduku cha faksi kimefutwa moja kwa moja au vipi. Alikuwa anakunja waya wa projekta.

"Hapa hatufuti kitu, dada," akasema. "Kimefichwa tu. Kila kilichoandikwa kiko pale pale, ila hakionekani."

Nilishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu saa tatu. Akanieleza kwa fahari kwamba iko menyu inayoitwa Mwonekano, na humo kila kitu kwenye skrini kina tiki yake; ukiweka tiki kinaonekana, ukitoa kinajificha. Nikamwambia mimi naijua skrini yangu na sijaiona menyu hiyo. Akasema ni kweli, Mkurugenzi alimwagiza aifiche nayo, watu wasije wakajirudishia vitu.

"Na mtu akitaka kuionyesha hiyo menyu ya Mwonekano afanyeje?"

"Anaingia kwenye Mwonekano," akasema. Kisha akasikia alichosema, akakohoa. "Au fomu. Yenye saini ya Mkurugenzi."

Nilichukua fomu. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, rahisi kabisa, na katikati ilikuwa na mistari minne iliyoandikwa "Sababu ya ombi". Ile mistari minne ilinishinda. Kila nilipoishika kalamu nilimwona Mkurugenzi akiisoma. Nikaiweka kwenye droo, nikajiambia wageni waje, waondoke, barua itoke, kisha nitaijaza nikiwa mkuu wa kitengo. Mpango mzuri, wenye kasoro moja tu, kwamba wagonjwa hawakuwa na taarifa kwamba wanatakiwa kungoja.

Kwa muda ule nilifanya ninachojua. Niliwaambia wenzangu wamuulize kila mgonjwa kwa mdomo kama kuna dawa inayomdhuru. Nikanunua daftari, nikaanza kuandika majina niliyoyakumbuka kichwani. Nilifika tisini na saba nikakwama. Mama mkwe wangu hakuwemo. Nani anamwandika mama mkwe wake daftarini ili amkumbuke? Na sikumwambia kwamba jina lake halina tena kisanduku chake cha njano, kwa sababu angeniuliza kwa nini, na Mama akiuliza kwa nini huwa haishii hapo. Isitoshe, yeye huja kwangu siku zote. Hukaa kwenye foleni hata dirisha la pili likiwa tupu, ili anitanie mbele za watu.

Wageni walikuja siku ya Alhamisi, wawili, mwanamume na mwanamke, wenye adabu na daftari nyeusi. Nilivaa viatu vyangu vya harusi za watu. Mkurugenzi alinipeleka chumba cha mikutano, na dirishani akabaki Digrii peke yake.

Nilionyesha vizuri, sitaki kujishusha. Niliwaonyesha skrini nyeupe yenye vitu kumi na viwili tu, nikafungua faili, nikafunga, nikachapa lebo. Yule mgeni mwanamke aliniuliza kama watumishi hawakupata shida kuzoea. Nikamjibu kwa sauti ya redioni kwamba tumefurahi wote, kwa sababu kilichobaki ni kile tu kinachohitajika. Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu wa kwaya.

Wakati nasema hivyo, mama mkwe wangu alikuwa mbele ya dirisha langu. Kooni palikuwa panamuuma tangu juzi, na hakutuambia nyumbani kwa sababu yeye akiumwa hapendi kuulizwaulizwa. Daktari wa zamu alikuwa mgeni kwake, na karatasi akaiandika kama madaktari wetu wote walivyozoea kuandika, wakijua dirishani ndiko dawa inakochujwa. Digrii hakuwa amewahi kumwona. Yaliyofuata alinieleza yeye mwenyewe baadaye, neno kwa neno, na simlaumu hata kwa moja.

Alimuuliza kama nilivyomfundisha. "Mama, kuna dawa yoyote inayokudhuru?"

"Mimi nimeandikwa humo," Mama akamjibu. "Tazama."

Digrii akatazama. Akaona skrini nyeupe, nyepesi, ya kupumzisha akili. Na kwa kuwa mgonjwa mwenyewe anasema kwa uhakika kwamba ameandikwa, naye ana digrii, akafikiri kwamba Fundi sasa ametengeneza mahali rasmi, na kwamba kama kungekuwa na neno lingejitokeza lenyewe. Akatazama mara mbili. Kisha akampa vidonge. Mama akaomba maji, akameza pale pale, kama kawaida yake.

Mimi nilikuwa naanza kueleza jinsi ya kuchapa ripoti ya mwezi mlango ulipofunguliwa bila kubishwa. Alikuwa Digrii, na hakuwa na haja ya kunieleza mengi. Alisema kuna mama kwenye benchi, anasema mimi ni mkwe wake. Viatu vya harusi za watu niliviacha kwenye ngazi.

Benchi lilikuwa lile lile, wamelipaka rangi tu. Muuguzi alikuwa amekwisha kumchoma sindano na alikuwa anamwekea oksijeni. Uso wa Mama ulikuwa umevimba mpaka jicho moja limefumba, na kifua kilikuwa kinapanda kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka kumi na mmoja na sikuwa nimeisahau hata siku moja. Nilipiga magoti nikamshika mkono. Niliogopa kiasi ambacho sijui kukipima. Nilikuwa nasema "Mama, Mama," na mkono wake ulikuwa haunijibu, na kichwani mwangu kilikuwa kinapita kicheko changu mwenyewe, chenye meno yake yote.

Pumzi ilirudi polepole. Ilipofika saa nane alikuwa kitandani wodini, mume wangu yuko njiani, na daktari amesema hatari imepita. Mkurugenzi akaja na wageni wake wawili nyuma, kwa sababu hakupata namna ya kuwaacha. Alitaka kujua imekuwaje. Nikamwomba amwite Fundi, nami nikaenda kuitoa fomu kwenye droo. Mkurugenzi aliisoma, akafika kwenye ile mistari minne, akaniambia sijaandika sababu.

"Andika kwamba tumekuwa tukiandika dawa zinazodhuru wagonjwa kwenye kisanduku cha faksi," nikamwambia. "Zaidi ya watu mia sita. Nilianzisha mimi."

Akaandika akiwa amesimama, fomu ameiegemeza kwenye meza ya wauguzi, na nafikiri hiyo ndiyo sababu pekee ya ombi aliyowahi kuiandika kwa mkono wake. Akatia saini. Fundi akakaa kwenye kompyuta ya wauguzi, akaingia anakojua yeye, akaweka tiki moja. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Njano ikarudi juu, ubavuni mwa jina la mama mkwe wangu, na ndani yake maneno mawili niliyoyaandika miaka kumi na mmoja iliyopita, hayakuwa yamekwenda popote.

Mkurugenzi aliyatazama kwa muda. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kwa nini sikumwambia siku ile ya kikao, alipouliza mbele ya watu wote.

"Niliogopa," nikasema. "Uliuliza nani ana faksi, nikacheka."

Yule mgeni mwanamke aliandika kitu kwenye daftari yake nyeusi. Sikuona ni nini, na kwa mara ya kwanza wiki ile sikujali.

Walipoondoka nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda. Mama alikuwa amefumbua lile jicho lililobaki zima. Nilifikiri amelala wakati wote ule, lakini mama mkwe wangu halali penye mazungumzo.

"Yule mwenzako nilimwambia nimeandikwa," akasema. Midomo ilikuwa bado mizito.

"Ulikuwa umeandikwa, Mama. Walikuwa wamekificha kisanduku."

"Na wewe ulikuwepo wakikificha?"

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

Ningeweza kumweleza habari za tangazo, na barua, na rula. Ni maelezo marefu na yana mantiki. "Nilicheka, Mama," nikasema.

Alinitazama kwa lile jicho moja, kisha akalifumba. Nilingoja anitanie. Nilingoja aniambie kwamba nimejaribu tena na amekataa tena. Ningeupokea utani huo kwa mikono miwili. Mume wangu alipoingia alitukuta hivyo, mimi bado nangoja.

Kisanduku cha Faksi kipo mpaka leo. Fundi alitaka kukibadilisha jina, lakini jina lina fomu yake. Kwa hiyo kuna tangazo jipya ukutani, lenye saini ya Mkurugenzi, linaloagiza kwamba dawa zinazomdhuru mgonjwa ziandikwe kwenye Faksi, mahali pake. Nasikia alilieleza kwenye semina nyingine kama ubunifu wa hospitali yetu, na akapigiwa makofi. Menyu ya Mwonekano imerudishwa. Barua yangu ya ukuu wa kitengo bado imefichwa mahali fulani, na sijaomba fomu yake.

Mama alipona vizuri. Akipata mgeni nyumbani siku hizi hunitambulisha kwa heshima. "Huyu ni mke wa mwanangu," anasema, anaishia hapo, na mgeni haoni kama kuna kilichopungua.

Mwezi huu amekuja dirishani mara mbili kwa ajili ya presha. Hachagui tena dirisha, anakwenda penye nafasi, na mara zote mbili nafasi ilikuwa kwangu. Kabla hajanipa karatasi husema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni, "Penisilini hapana." Mara ya kwanza nilimgeuzia skrini, nikamwonyesha ile njano, nikamwambia umeandikwa, Mama, ona. Hakuitazama. Alinitazama mimi, akarudia tena, neno kwa neno, na akangoja.

"Nimesikia, Mama," nikasema.

Ndipo akanipa karatasi.